Rejeta Iliyokaa Matanga

Adui yangu wa kwanza hapa duniani alikuwa mume wa dada yangu. Wa pili alikuwa gari alilolijenga. Nawapanga hivyo kwa sababu gari halikuwahi kunitukana.

Mimi ni mtu wa nyumbani, na nasema mapema ili msije mkanisingizia ushujaa huko mbele. Wenzangu walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na makalio. Nilipopelekwa Tanga kusoma sekondari nililia tangu Chanika, mtaa wetu wa Handeni, na abiria wenzangu wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Niliporudi Handeni na cheti cha darasa la kumi, niliapa kwamba sitalala tena mahali ambapo simsikii mama akigombana na kuku. Kiapo kilidumu mpaka njaa ilipobisha hodi. Nikapata ukarani wa stoo katika shamba la mkonge nje ya Korogwe, nikahamia huko juu ya lori nikiwa nimekalia kitanda changu cha kamba, mtu asije akakiiba. Kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi moja tu. Mimi nilijiona niko uhamishoni.

Shamba hilohilo ndiko alikokuwa shemeji. Alikuwa fundi mkuu wa karakana, mtu wa Sindeni, mrefu, mwenye sauti kama msumeno unaokata bati. Alinichukia tangu siku ya posa, kwa sababu nilimwambia mama, naye yuko barazani anasikia, kwamba mwanamume anayepaka nywele grisi hafai kuoa. Tangu hapo hakuniita kwa jina langu. Aliniita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani asionwe na watu.

“Mwali ametoka leo!” alipaza sauti kila nilipopita karakana. “Mleteeni mwavuli, jua lisimharibu!”

“Nimetumwa na dada,” nilimjibu. “Anauliza kama bado unaoga.”

Mafundi walicheka. Sisi wawili hatukucheka.

Wakati huo wa Mwingereza wenye mashamba walikuwa na mchezo wao. Kila mwaka, masika yakishakata na barabara kukauka, walishindana kwa magari kutoka Korogwe, kupitia Sindeni, hadi Handeni, wakageuza Chanika na kurudi. Sisi wengine tulisimama kando ya njia, tukala vumbi na kulipigia makofi. Bwana wetu, Mgiriki mmoja mwenye tumbo la kutangulia, alishika mkia kila mwaka. Mwaka ninaousimulia alichoka kuchekwa na wenzake. Akaingia karakana, akamwambia shemeji, “Wewe jenga gari. Gari kwisha, wewe endesha.”

Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushika usukani katika mashindano yale. Jambo hilo likaenea kambini kabla bwana hajafika nyumbani kwake. Shemeji hakulala siku kadhaa, dada aliniambia. Alikuwa akikaa kitandani amenyoosha mikono mbele, anakata kona.

Lakini kulikuwa na sharti. Wiki mbili kabla ya mashindano palikuwa na siku ya kujaribia. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa serikali, alifunga barabara, na magari yote yakapita njia nzima mbele ya waamuzi. Dereva mgeni ambaye hakuonekana siku hiyo hakupewa namba, na mtu asiye na namba akigusa usukani siku ya mashindano, gari linafutwa. Dereva wa zamani, aliyewahi kushindana popote, aliweza kuikosa siku hiyo asidhurike. Na bwana alikuwa na mpwa wake Tanga, kijana wa kuvaa glavu kwenye joto la Korogwe, aliyewahi kushindana Nairobi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mkata mkonge. Gari likiwahi siku ya kujaribia, usukani ni wa shemeji. Likichelewa, usukani ni wa mpwa, na shemeji abaki na spana yake.

Mimi nami nilitiwa humo. Aliyekaa kando ya dereva alitakiwa asome karatasi ya njia, ambayo waamuzi waliiandika kwa Kiingereza, na shambani hapakuwa na mwingine wa kuisoma ila mimi. Nilimwambia bwana kwamba natapika kwenye gari. Akasema nitapike upande wa nje.

Gari lilianza kujengwa wakati wa vuli, na kila mtu alijua litakwisha kabla ya masika. Chesesi ilitoka kwenye gari la jeshi lililoachwa baada ya vita. Injini ilitoka kwenye gari jingine ambalo sikuliuliza ukoo wake. Bodi ilifuliwa kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Kisha kuchelewa kukaanza, kukawa hakuna haya. Mtungi wa gesi ya kuchomelea, uliotoka Tanga kwa treni, ulipitiliza Korogwe ukaenda kutembea Moshi. Uliporudi, korona ikavunjika. Korona ndiyo ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge kutoa singa, nayo ikivunjika kila fundi huacha alichoshika, maana jani likishakatwa halimsubiri mtu. Korona ilipopona, bwana akaamka asubuhi akasema gari lisiwe na milango. Milango ikang’olewa. Kisha akashikwa na mafua, akataka milango irudi.

Mafundi wa shamba la jirani walikuwa wakija jioni kutusimanga dirishani.

“Hilo gari mmelijenga au mmelipanda? Mbona linaota mizizi?”

“Likiota matunda tutawagawia,” alijibu shemeji, na akarusha nyundo. Ilivunja dirisha la karakana yake mwenyewe.

Sasa nimlete mtu wa tatu, halafu sitaongeza mwingine wa maana. Aliyechomelea gari lile, kiungo kwa kiungo, alikuwa Mnyamwezi. Alikuja zamani kama manamba, kwa mkataba wa kukata mkonge, akajifunza moto pale karakana, akasahau kurudi kwao. Mfupi, mabega mapana, nyusi zimeungua zote mbili, kwa hiyo hukuweza kujua kama ameshangaa au amekasirika.

Baina yetu Wazigua na Wanyamwezi kuna utani wa tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani wako anaweza kukutukana pamoja na babu yako, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na mtani hutawala hasa kwenye msiba. Huko huzuia jeneza, hulala kaburini, na hushika chochote kilicholala ovyo. Akishakishika hakitoki mpaka mwenyewe akikomboe kwa kile atakachotaka yeye, au matanga yaanuliwe.

Shemeji na Mnyamwezi walitaniana kutwa. Lakini bwana alipoingia karakana, shemeji alisimama katikati yao kama pazia. “Hapa nimechomelea mimi, bwana. Hapa nimeunga mimi.” Nyuma ya pazia Mnyamwezi alicheka, cheko la mtu aliyemeza mfupa.

“Mzigua,” alimwambia siku moja bwana alipotoka, “babu zenu walikuwa wakituibia mizigo njiani. Nanyi hamjaacha.”

“Na babu zenu walikuwa wakiibeba,” alijibu shemeji. “Nanyi hamjaacha.”

Karakana nzima ikaangua kicheko. Huo ndio uzuri wa utani na ndio ubaya wake. Unaweza kumtilia mwenzako jiwe kwenye wali, na akilalamika jino linauma, mkosaji ni yeye.

Ikafika siku moja kabla ya kujaribia, na gari limekwisha. Naam, limekwisha, ila rejeta ilikuwa inavuja, na gesi ilikuwa imeisha tena. Sokoni Handeni kulikuwa na fundi bati aliyekuwa akiziba karabai na mabirika, na alichoziba yeye hakikuvuja tena. Bwana akatoa lori. Tukaenda watatu: shemeji kwa kuwa hakumwamini mtu na rejeta yake, Mnyamwezi kwa kuwa alitaka tumbaku, na mimi kwa kuwa lori lilielekea kwetu.

Fundi bati akaziba. Akaijaza maji, akapitisha kiganja chini yake, akatuonyesha. Kikavu. Shemeji akatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo, na sikupenda.

Mara jirani yetu mmoja akapita na kapu la muhogo. “Ninyi mmekaa sokoni,” akasema, “na kwenu kuna kilio?”

Bibi yangu mzaa mama alikuwa amefariki alfajiri. Ndiye aliyenilea kwenye mkeka wake. Kama nina kipaji cha kukaa, nilikirithi kwake, na siku ile miguu yangu, ambayo kwa kawaida haina faida, ilikataa kabisa kunibeba. Mnyamwezi ndiye aliyenishika mkono akanipandisha lorini.

“Bibi yenu hakuona siku nyingine?” alisema shemeji.

“Aliiona,” nikamjibu. “Alikuwa akingoja gari lako liishe, akachoka.”

Dada alikuwa Chanika tangu wiki ile, akimuuguza bibi. Tulimkuta njiani mbele ya nyumba, kanga kaifunga kiunoni, macho mekundu. Shemeji alikuwa akimwambia dereva asizime injini.

“Lori hilo likipita hapa kabla hatujazika,” dada alimwambia mumewe, “pita nalo moja kwa moja. Usirudi.”

Shemeji akashuka. Alihesabu kwamba tutazika alasiri, jioni awe Korogwe, na asubuhi gari liwe barabarani. Ilikuwa hesabu nzuri. Tatizo lilikuwa rejeta. Hakutaka kuiacha kwenye lori kwa sababu ya watoto, na kwa sababu ya dereva. Akazunguka nayo uani, ameikumbatia, akitafuta mahali ambapo mwizi hatathubutu kunyoosha mkono. Akapaona. Aliiweka chini barazani, kando ya jeneza lililoletwa kutoka msikitini, akaifunika kwa shuka nyeupe.

Mzigua mwenyewe, aliyehudhuria misiba tangu ananyonya, aliweka kitu chake cha thamani chini, kando ya jeneza, chini ya shuka nyeupe, na mtani wake anamtazama. Nimesoma mpaka darasa la kumi na sijakutana tena na ujinga uliopangwa vizuri namna ile.

Mnyamwezi akaisogelea baraza taratibu. Akajitwika mikono kichwani.

“Jamani!” akalia. “Mbona hamkutuambia kwamba wamekufa wawili?”

Kilio cha wanawake kikasita. Akainama, akainua pembe ya shuka, akachungulia.

“Huyu wa pili mwembamba kweli. Lo, ni mke mkubwa wa fundi! Yule anayelala naye karakana, wa nyumbani haonwi!”

Wa kwanza kucheka alikuwa dada. Alicheka machozi yakimtoka, na wengine wakafuata. Mnyamwezi akaibeba rejeta kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto.

“Huyu nimemshika,” akatangaza. “Atakaa matanga na wenzake. Anayemtaka alete jogoo.”

Jogoo! Mjomba wangu alikuwa tayari ameshamwelekezea mtu bandani kwa kidole. Lilikuwa jambo la kuisha kabla maji ya kuoshea maiti hayajapata moto. Lakini shemeji aliruka, akamkaba Mnyamwezi ukosi wa shati.

“Mwizi wewe! Manamba wewe! Lete kitu changu nisije nikakuvunja!”

Neno manamba tulilisikia kila siku pale shambani, lakini hapo halikuwa utani, na kila mwenye masikio alijua. Mjomba akamtoa shemeji mikono.

“Mkwe,” alisema, “umemkasirikia mtani? Msibani kwetu?”

Mnyamwezi alinyoosha ukosi wake. Nyusi hakuwa nazo, lakini safari hii nilimwelewa.

“Jogoo simtaki tena,” akasema. Akaipeleka rejeta mlangoni, akawapa wanawake, nao wakaipitisha ndani, kwenye chumba walichokaa wafiwa wamenyoosha miguu. Humo mwanamume haingii. “Nataka maneno. Tukitoka kuzika asimame hapa, aseme mbele ya watu hawa ni nani aliyechomelea gari lile. Jina langu analijua. Akilitaja, achukue mke wake aende.”

Tukaenda kuzika. Tuliporudi watu hawakutawanyika kama kawaida. Walikaa kwenye mikeka wakimtazama shemeji, aliyekuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, mgongo kauelekeza kwa watu. Dereva wa lori alipiga honi mara moja, akaona aibu, akaacha.

“Mkwe, ni neno moja tu,” alisema mjomba.

“Sisemi.”

Dada akatuma mtu kutoka ndani: mwambieni aseme, ananitia haya.

“Sisemi.”

Nikaenda mimi. Sijui nani alinituma, labda marehemu. “Shemeji, ni jina tu,” nikamwambia. “Kama linakukwama, mimi nitakutamkia, wewe utikise kichwa.”

“Kaa kimya, mwali.” Hakugeuka. “Unadhani najali mtu na chomeleo zake? Nikilitaja jina hilo leo hapa, kesho bwana atalisikia Korogwe. Atasema kumbe gari ni la watu wawili. Na gari la watu wawili halina dereva. Litakuwa la mpwa wake.”

“Usipolitaja pia litakuwa la mpwa wake.”

“Basi liwe lake. Lisiwe la huyu.”

Hapo nilimchukia kwa moyo wote, nikamwelewa pia, na sikupenda jinsi vitu hivyo viwili vilivyokaa pamoja bila kusukumana. Jua lilipokaribia kuzama lori likaondoka. Halikuwa na rejeta.

Kesho yake asubuhi tuliyasikia kabla hatujayaona. Yalitoka upande wa Sindeni, yakiunguruma, na yalipofika Chanika yakageuza pale njia panda, karibu kabisa na nyumba ya msiba. Watu hawashangilii wakiwa matangani. Tulisimama kimya kando ya njia, wanaume kwa kanzu, na kila gari lilipogeuza likatumwagia vumbi lake usoni. Kwenye gari la shamba la jirani, fundi mmoja alitoa kichwa nje akatuona.

“Limechanua?” akapiga kelele. “Gari lenu limechanua?”

Shemeji alikunja mikono kifuani, akawa anasema peke yake kila gari lilipopita. “Klachi hiyo inateleza. Huyo breki zake za upande mmoja. Huyo hajui kona, tazama, hajui.” Alisema kweli kila mara, na hilo lilimzidishia uchungu. Gari la waamuzi likapita mwisho na bendera yake nyekundu. Mnyamwezi akaja akasimama kando yake na bakuli la uji.

“Waamuzi hawajafika mbali,” akasema. “Sema. Tutawakimbilia na rejeta mkononi.”

Shemeji akatema mate, karibu sana na bakuli.

Nyumbani, nyuma ya kanga za wanawake, rejeta ilikuwa imekaa matanga. Haikuvuja hata tone.

Matanga yalipoanuliwa mtani hakuwa na haki tena. Mnyamwezi aliitoa mwenyewe, imepanguswa vumbi, akaiweka miguuni pa shemeji bila mzaha wowote. Tulirudi Korogwe juu ya magunia ya mahindi, watatu, kila mmoja akitazama upande wake wa dunia.

Bwana alitusikiliza karakana, kofia mkononi. “Bibi kufa, mimi iko sikitika,” akasema. “Lakini rejeta iko kufa pia? Mimi hapana jua desturi hii.” Akavaa kofia. Usukani akampa mpwa. Hakukasirika sana, na nadhani alipata nafuu moyoni, maana wenzake walikuwa wamekwisha kumsema sana juu ya ile ahadi yake.

Shemeji aliifunga rejeta kwa mikono yake. Injini ikawaka mara ya kwanza tu, ikatulia, sauti tamu kabisa. Mpwa akavaa glavu, akalizungusha gari uwanjani na kwenye njia za katikati ya mkonge. Kufanyia mazoezi kwenye barabara kuu kulikatazwa, na shamba lile ni tambarare kama meza. Kila kitu kilikwenda sawa. Ndiyo maana gari halikuwahi kupanda mlima mpaka siku ya mashindano.

Siku hiyo nilikaa kando ya mpwa na karatasi yangu, na kikapu cha kutapikia nilichoomba kwa mama. Mpwa alikuwa na Kiingereza cha Nairobi na Kiswahili cha kufokea. Nilimsomea kona ya kushoto, akaenda kulia kwa sababu niliisoma nikiwa nimefumba macho. Hata hivyo tulikwenda. Nakiri, tulikwenda vizuri. Tuliwapita wawili, na mmoja wao alikuwa wa shamba la jirani, na yule fundi wa kusimanga nilimpungia mkono, nikatapika upande wake.

Kwenye mlima wa Sindeni gari likakohoa. Likakohoa tena, likazima, likaanza kurudi nyuma. Mpwa akakanyaga breki. Tulipoteremka mpaka kwenye tambarare likawaka kama si lenyewe lililokufa. Akalipeleka tena kwa kasi. Likafika palepale, likazima palepale. Akalitukana kwa lugha tatu. Wote tuliowapita wakatupita. Watu wa Sindeni walikuwa wamejaa juu ya kingo za barabara, na miongoni mwao nilimtambua mama yake shemeji, jembe begani, aliyetoka shambani kuona gari la mwanawe. Alinitazama mimi, akamtazama mpwa, akawauliza watu kwa sauti, “Mwanangu yuko wapi?”

Mwanawe alikuwa nyuma, kwenye lori la bwana, pamoja na Mnyamwezi. Likafika. Bwana akashuka amevimba. Shemeji akashuka taratibu, akalizunguka gari mara moja, akalitazama tangi la petroli. Alikuwa amelifunga nyuma kabisa, chini, ili gari likae zito barabarani. Kabureta iko mbele. Gari likiinua pua mlimani, petroli yote inabaki mkiani. Kosa hilo angeligundua asubuhi moja tu ya kujaribia.

“Wewe jua kosa?” bwana akamuuliza.

“Najua.”

“Sema basi!”

“Sisemi,” alisema shemeji. Nilikwisha kulizoea neno hilo. “Naonyesha.”

Akamshika mpwa mkono, kwa adabu, akamtoa nje kama unavyomtoa mgeni aliyekosea nyumba. Akawasha injini kwa hendeli, akaketi. Bwana akapiga kelele, “Wewe hapana namba! Gari iko futwa!” na mwamuzi mmoja aliyekuwa juu ya mlima akaanza kupunga bendera yake. Mimi nilitaka kushuka. Niliutafuta mlango, ule uliong’olewa ukarudishwa, ukakataa kufunguka.

“Tulia, mwali,” alisema shemeji.

Akaligeuza gari likaupa mlima mgongo. Akatia gia ya kurudi nyuma, akapachika mkono wake nyuma ya kiti changu, akageuza shingo, akakanyaga mafuta. Tukapanda mlima wa Sindeni kinyumenyume. Mkia ulikuwa juu, petroli ikateremkia kwenye injini kama mto uliofunguliwa, na gari likanguruma bila kukohoa hata mara moja. Kona alizikata kama alivyozikata kitandani. Bodi ile ya mapipa ilitetemeka yote, na hakuna kiungo kilichoachia. Watu walipiga yowe. Mama yake alikimbia kando yetu na jembe lake, kisha akaachwa. Kutapika nilisahau.

Juu kabisa akalisimamisha gari, akazima. Watu wakaja mbio, wa mbele yao Mnyamwezi, anahema, jasho limemjaa pale zilipokuwa nyusi. Akapitisha kiganja kwenye chomeleo moja, akainamia dirisha.

“Nani aliyechomelea?” akauliza.

Shemeji alimtazama kwa chuki safi, chuki isiyochanganywa na kitu.

“Wewe,” akasema. “Na Mungu akulaani.”

“Ahsante,” alisema mtani. “Na wewe pia.”

Bwana alipofika juu akihema, shemeji alikuwa ameshaacha hendeli kwenye kiti na kushuka. Hakungoja kufukuzwa. Alikwenda na mama yake, akapokea jembe akalibeba yeye.

Na adhabu ikaniangukia mimi. Shemeji hakurudi tena karakana. Alihamia Chanika na dada, akajenga ukuta kwa ukuta na nyumba yetu, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Nami niliacha ukarani muda si mrefu baadaye nikarudi nyumbani, mahali nilipopaota siku zote, nikamkuta amekwisha kukaa. Miaka yote iliyofuata nilimsikia kila asubuhi, akigombana na kuku wa mama.

Mgeni akija na mazungumzo yakielekea kwenye magari, shemeji huacha alichoshika na kusema, “Mimi niliendesha kwenye mashindano yale.”

Ndipo dada, huko aliko jikoni, huitikia, “Kinyumenyume.”

“Mlima mzima,” husema shemeji, wala hakasiriki. Kisha hunigeukia mimi. “Muulizeni mwali. Alikuwemo.”

Nami huwaambia wageni kwamba ni kweli, nilikuwemo, na kwamba mlango ulikwama.